Kukusanya na Kuonyesha Panga Fupi za Kijapani: Mwongozo Kamili

Wengi wanaovutiwa na silaha za Kijapani huota katana, ule upanga mrefu wa kwenye filamu. Wakiona bei wanakata tamaa, kisha wanaagiza mfano wa chuma cha pua mtandaoni na kuutundika sebuleni. Ushauri wangu ni kuanza na upanga mfupi. Wakizashi iliyofuliwa kwa mkono katika karne ya 17 ina chuma kilekile na ufundi uleule wa katana ya mhunzi huyohuyo, lakini kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini zaidi. Zilifuliwa nyingi sana, na wanunuzi wengi wanataka urefu. Hapo ndipo mtu mwenye mfuko wa kawaida anapopata upenyo, mradi ana subira.

Subira hiyo utaitumia zaidi kwenye karatasi na kwenye mkia wa upanga, sehemu iliyofichwa ndani ya mpini ambayo wageni wako hawataiona kamwe. Stendi na taa vinakuja mwisho.

Hatua ya 1: Jua unatafuta nini

Urefu hupimwa kwa shaku. Shaku moja ni sentimita 30.3, nayo hugawanywa katika sun 10. Kipimo huchukuliwa kwa mstari ulionyooka kutoka ncha hadi kijino kidogo cha mgongoni, pale mkia unapoanza. Mkia wenyewe hauhesabiwi. Chini ya shaku moja ni tanto. Kuanzia shaku moja hadi karibu mbili, yaani kati ya sentimita 30 na 60 hivi, ni wakizashi. Kuanzia mbili kwenda juu ni katana au tachi, upanga mrefu wa mtindo wa zamani zaidi. Kuna tanto zilizopitiliza kidogo shaku moja, kwa hiyo usishangae muuzaji akisema tanto ilhali hati ya serikali inasema wakizashi. Hapo wote wawili wanaweza kuwa wakweli.

Katika enzi ya Edo, kuanzia 1603 hadi 1868, samurai alivaa jozi: mrefu na mfupi. Akiingia nyumba ya mwenyeji wake aliuacha ule mrefu na kubaki na mfupi kiunoni. Wafanyabiashara na wasafiri wasio samurai nao waliruhusiwa kuvaa mfupi, na hapo ndipo idadi ilipoongezeka. Mwaka 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku kuvaa panga hadharani, wahunzi wengi wakakosa kazi, na maelfu ya panga yakaanza safari ya kuwa mali za wakusanyaji.

Wafanyabiashara wa panga hugawa historia kwa majina utakayoyakuta kila tangazo. Koto ni za kabla ya 1596 hivi. Shinto ni za kutoka hapo hadi karibu 1780. Shinshinto zinaendelea hadi 1876. Gendaito ni za kuanzia hapo hadi 1945, na shinsakuto ni za wahunzi wa leo. Mtu anayeanza namwelekeza kwenye wakizashi ya shinto. Zipo nyingi, mikia yake mara nyingi haijakatwa, na chuma chake ni rahisi kukisoma. Tanto nzuri ni ngumu kupata. Majina makubwa ya tanto kama Awataguchi Yoshimitsu na Shintogo Kunimitsu ni ya enzi ya Kamakura, karne ya 12 hadi 14, na kazi zao ziko makumbusho na kwa matajiri. Katika amani ndefu ya Edo tanto zilifuliwa chache, hadi zilipoanza kurudi mwishoni.

Hatua ya 2: Tofautisha uliofuliwa na uliotengenezwa tu

Upanga halisi wa Kijapani huanza na tamahagane, chuma kinachoyeyushwa kutoka mchanga wa chuma na makaa ya miti ndani ya tanuru ya udongo. Tanuru kuu inayowahudumia wahunzi wa leo iko Okuizumo, mkoa wa Shimane, na imekuwa ikiwashwa kila majira ya baridi tangu 1977. Mhunzi hukikunja chuma hicho na kukipiga, hukikunja tena na kukipiga, mara kumi au zaidi, hadi uchafu unatoka na matabaka yanafika maelfu. Baadaye hupaka udongo kwenye upanga: mzito mgongoni, mwembamba kwenye makali. Akiuchoma na kuuchovya majini, makali hupoa ghafla na kuwa magumu, mgongo hupoa polepole na kubaki na ustahimilivu. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili huonekana kama ukungu mweupe unaofuata makali. Unaitwa hamon, na ndio uso wa upanga.

Hamon za wahunzi wa Bizen, sehemu ya Okayama ya leo, hupanda na kushuka kwa vishada vya mviringo ambavyo Wajapani wenyewe huviita choji, yaani karafuu. Mtu wa Pemba akiiona kwa mara ya kwanza hahitaji kuelezwa.

Sasa, vitu ambavyo si hivyo. Kundi la kwanza ni mifano ya kisasa, mingi ikitoka Longquan nchini China. Baadhi imefuliwa vizuri, ila si upanga wa Kijapani, na mibovu yake ina hamon iliyochorwa kwa asidi au kwa brashi ya waya. Ukiitazama kwa kioo cha kukuzia utaona mikwaruzo tu au rangi ya kijivu isiyo na kina. Huoni zile chembe zinazometameta ndani ya chuma. Kundi la pili ni panga za jeshi za Vita vya Pili vya Dunia. Nyingi zilitengenezwa kwa chuma cha kiwandani na kupozwa kwa mafuta, na zina muhuri mdogo juu ya mkia. Ni vitu vya historia ya vita, vina wapenzi wake, lakini usivilipie bei ya sanaa. Kundi la tatu huwanasa sana watu wa Ulaya: visu vyenye mpini na ala ya mfupa au pembe iliyochongwa watu na majoka, vilivyotengenezwa kuwauzia watalii bandarini enzi ya Meiji. Ndani yake chuma huwa hakina thamani yoyote. Na kama mchongo ni wa pembe ya ndovu, una tatizo kubwa zaidi, kwa sababu CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unazuia kuvusha pembe mipakani bila vibali, na forodha za Afrika Mashariki hazina mzaha na jambo hilo.

Hatua ya 3: Elewa karatasi mbili zinazochanganywa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi tuende taratibu.

Karatasi ya kwanza ni torokusho, hati ya usajili. Kila upanga uliofuliwa kwa njia ya jadi na ulioko Japani lazima uwe nayo. Hutolewa na mamlaka ya elimu ya mkoa, na inaandika aina, urefu, mpindo, idadi ya matundu ya mkiani, na maandishi yaliyomo. Inamaanisha kwamba upanga huo ni halali kumilikiwa Japani. Haisemi kwamba sahihi iliyochongwa ni ya kweli. Afisa aliyeandika jina la mhunzi maarufu kwenye hati hiyo alinakili alichokiona mkiani, basi. Muuzaji anayekuonyesha torokusho na kusema "ina cheti cha uhalisi" ama hajui kazi yake au anaijua mno.

Karatasi ya pili ndiyo unayoitaka. Hutolewa na NBTHK, jumuiya ya kuhifadhi panga za sanaa za Kijapani iliyoanzishwa 1948, yenye makumbusho yake Ryogoku mjini Tokyo. Jopo lake huukagua upanga wenyewe na kutoa uamuzi wenye picha au chapa ya mkia. Madaraja ni manne: Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Kwa anayeanza, Hozon inatosha kabisa. Maana yake upanga ni wa kweli, unastahili kuhifadhiwa, na sahihi yake, kama ipo, imekubaliwa. Juyo ni ya watu wanaonunua upanga kwa bei ya nyumba. Utakutana pia na karatasi za zamani za jumuiya hiyohiyo, za mfumo uliotumika kabla ya 1982. Soko haliziamini kama za sasa, kwa hiyo usilipe bei ya karatasi mpya kwa karatasi ya zamani.

Kila karatasi ilinganishwe na upanga. Urefu kwa milimita, nafasi ya matundu, umbo la mkia, kila mchirizi wa kila herufi. Karatasi halali inaweza kutenganishwa na upanga wake na kuolewa na mwingine.

Hatua ya 4: Vua mpini, usome mkia

Ukipata nafasi ya kuushika upanga mwenyewe, dukani au kwenye mnada, omba ruhusa kwanza. Vua pete na saa. Usizungumze ukiwa umeinamia chuma kilicho wazi, kwa maana mate madogo yanatosha kuanzisha kutu.

Shika ala kwa mkono wa kushoto, makali yakitazama juu. Mkono wa kulia ushike mpini, uvute taratibu kwa mstari mmoja, mgongo wa upanga ukiteleza juu ya mti wa ala ili makali yasiguse popote. Mpini umefungwa kwa kijiti kimoja cha mwanzi kiitwacho mekugi. Upande mmoja wake ni mwembamba. Sukuma kutokea huko kwa kinyundo kidogo cha shaba. Kisha shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, upanga umesimama ukiinama kidogo mbali nawe, na uupige mkono huohuo wa kushoto karibu na kifundo kwa ngumi ya kulia. Piga kidogo. Piga tena. Utausikia mkia unalegea ndani ya mti. Kwa tanto tumia nguvu ndogo zaidi, kwa sababu mkia wake ni mfupi na upanga ni mwepesi. Ukipiga kama unayevua katana unaweza kuruka juu wote.

Mkia ukitoka, tazama kutu kwanza. Mkia wa miaka mia tatu una rangi ya kahawia iliyokolea ikielekea nyeusi, laini, iliyotulia sawasawa hadi ndani ya michirizi ya herufi. Kutu ya rangi ya machungwa, yenye vumbi, au iliyo nzito upande mmoja na hafifu upande mwingine, ni onyo. Kutu hiyo ya zamani ndiyo cheti cha umri. Haisuguliwi, haipakwi dawa, haiondolewi kwa ndimu wala soda. Mtu akiung'arisha mkia amefuta ushahidi wote, na thamani imeondoka nao siku hiyohiyo.

Baada ya kutu, tazama alama za tupa. Kila shule ya wahunzi ilikuwa na mwelekeo wake: mlalo, mshazari, au mishazari miwili inayokutana. Halafu sahihi. Upande mmoja kwa kawaida huwa na jina, mara nyingi likitanguliwa na jimbo. Upande wa pili unaweza kuwa na tarehe iliyoandikwa kwa jina la enzi, kama Kanbun 5, yaani 1665, au Bunkyu 2, yaani 1862. Utaona mwezi wa pili na wa nane zikijirudia mno. Ilikuwa desturi ya wahunzi kuandika hivyo.

Sahihi za uongo zina jina lake, gimei, na hazianzi leo. Zimekuwa zikichongwa kwa karne nyingi, na kadiri jina lilivyo kubwa ndivyo uongo unavyoongezeka. Ukiona wakizashi ya bei nafuu yenye jina la Kotetsu au Masamune, chukulia ni uongo hadi NBTHK iseme vinginevyo. Nathubutu kusema kwamba upanga usio na sahihi wenye karatasi ni ununuzi bora kuliko wenye sahihi kubwa usio na karatasi.

Pia kuna panga zilizokatwa kwa chini, suriage, ili katana iwe wakizashi au ilingane na mvaaji mfupi. Utaona matundu mawili au matatu mkiani, na sahihi iliyokatika au kupotea. Si kasoro ya aibu, hasa kwa koto. Muuzaji alipaswa tu kukuambia.

Hatua ya 5: Soma mwili na tafuta majeraha

Unyooshe upanga kuelekea taa moja yenye balbu iliyo wazi, ncha ikiwa karibu chini tu ya balbu, kisha uuzungushe polepole kwa digrii chache. Mwanga unapopita juu ya makali, hamon itawaka. Ifuate kutoka shingoni hadi nchani bila kuruka. Ni lazima iwe imekamilika, na ndani ya ncha lazima igeuke kurudi mgongoni. Kama imetoweka kwenye ncha, ina maana ncha ilivunjika ikasuguliwa upya, na hilo halirekebishiki.

Kasoro zinazoua upanga ni chache. Hagire ni ufa mwembamba sana unaokata makali kwa wima, mwembamba kiasi kwamba wengi hawauoni; pitisha mwanga polepole na uutafute kwa kioo cha kukuzia. Ukiuona, rudisha upanga mezani na uage. Ya pili ni upanga uliopita motoni ukapoteza ugumu, kisha ukachomwa upya. Mambo haya yalitokea hata kwa panga tukufu: ngome ya Osaka ilipoanguka 1615, panga nyingi maarufu ziliungua, na Yasutsugu wa Echizen akapewa na akina Tokugawa, ukoo uliotawala enzi ya Edo, kazi ya kuzipa makali mapya. Zile zina historia ya kuzibeba. Wakizashi ya kawaida iliyochomwa upya haina.

Kuna kasoro unazoweza kuishi nazo: vijufa vidogo vya kuungana kwa matabaka, malengelenge madogo, kiraka cha chuma. Vyote hushusha bei, basi hakikisha bei imeshuka kweli.

Upanga uliochoka ni suala lingine. Kila unapong'arishwa na mtaalamu unapoteza chuma kidogo, na baada ya vizazi kadhaa ngozi ngumu ya nje huisha na chuma laini cha ndani kuchungulia, hafifu na kisicho na chembe. Ndiyo sababu huwezi kununua upanga wenye kutu kwa bei ya kutupa ukidhani utaung'arisha baadaye. Kazi ya togishi, mng'arishaji aliyefunzwa kwa miaka mingi, hupitia mawe mengi tofauti na kumaliza kwa vipande vyembamba vya jiwe chini ya kidole gumba. Gharama yake mara nyingi hupita bei ya wakizashi yenyewe. Na tafadhali, usimpelekee fundi wa kunoa visu mwenye jiwe la baiskeli mtaani. Ni fundi mzuri wa panga za shamba. Huu si wa shamba.

Hatua ya 6: Nunua na vusha mipaka

Nunua kwa duka lenye jina, linalopokea marejesho na linaloweka picha za mkia pande zote mbili. Wakizashi ya shinto yenye Hozon, iliyong'arishwa vizuri, tarajia iwe laki kadhaa za yen. Ikiwa ya elfu arobaini, jiulize imepungukiwa na nini. Kama una pesa za panga tatu mbovu, nunua mmoja mzuri. Huo ndio utakaokufundisha kuona.

Njia nyingine ni kuagiza kwa mhunzi aliye hai. Japani humpa leseni mhunzi baada ya miaka isiyopungua mitano ya uanagenzi na mtihani, na humzuia kufua zaidi ya panga ndefu mbili au fupi tatu kwa mwezi. Kwa hiyo unasubiri, na unalipa zaidi ya bei ya mzee wa karne ya 17 wa daraja la kati. Lakini unaweza kuchagua umbo, na unamweka mtu kazini.

Ili utoke Japani kihalali, upanga unahitaji kibali kutoka Wakala wa Masuala ya Utamaduni, na torokusho hurudishwa serikalini. Duka zuri hufanya yote hayo. Huchukua wiki kadhaa. Upande wako, iandikie forodha ya nchi unayoishi kabla ya kulipa na upate jibu kwa maandishi. Msimbo wa panga kwenye ushuru wa forodha wa kimataifa ni 9307, na wa vitu vya kale vilivyopita miaka 100 ni 9706. Tofauti ya ushuru inaweza kuwa kubwa, na karatasi ya NBTHK ndiyo ushahidi wako wa umri. Uingereza ilizuia uuzaji na uingizaji wa panga zilizopinda mwaka 2008 lakini ikaacha mlango kwa zilizofuliwa kwa njia za jadi, hivyo karatasi tena ndizo zitakazokuokoa. Kama unasafiri nao mwenyewe, ni mzigo wa kukabidhiwa shirika la ndege, na uutangaze.

Hatua ya 7: Tunza

Chuma hakilali ndani ya mapambo yake. Upanga ukinunuliwa na mavazi kamili, yaani mpini uliofungwa hariri, ngao ya mkono iitwayo tsuba na ala ya laka, mavazi hayo huitwa koshirae na ni mali ya kuonyesha. Upanga wenyewe hulala kwenye shirasaya, ala na mpini wa mti mweupe usiopakwa chochote, mti wa ho, jamii ya magnolia, ambao ni laini na hauna majimaji ya kuumiza chuma. Huwekwa mlalo.

Kagua kila baada ya miezi mitatu. Kama umetoka kung'arishwa, kila mwezi kwa mwaka wa kwanza. Futa mafuta ya zamani kwa karatasi laini ya Kijapani au kitambaa kipya cha nyuzi ndogo, ukianza shingoni kwenda nchani, upande wa mgongo ukiwa ndani ya kiganja. Usirudi nyuma na mbele. Mafuta yaliyogandamana yatolewe kwa spiriti safi. Ule unga mweupe kwenye kifuko, uchiko, ni wa jadi, lakini unaouzwa kwenye seti za bei rahisi una chembe za kukwaruza, mimi nauacha. Halafu paka mafuta mapya: tone moja kwenye kitambaa, utando usioonekana karibu. Mafuta yakichuruzika yataingia kwenye ala na kukaa na vumbi humo.

Mafuta hayo yanaitwa choji, ya karafuu, na hapa wenzangu wa Unguja hujichanganya. Siku hizi ni mafuta mepesi ya madini yenye harufu ya karafuu tu. Mafuta halisi ya karafuu ya sokoni ni ya meno na ya kuchua. Hayakutengenezwa kulinda chuma.

Ukiona doa dogo jekundu, paka mafuta, liache, piga picha, na mwombe togishi ushauri. Usilikwangue.

Hatua ya 8: Onyesha

Anza na adui mkubwa, unyevu. Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar hewa hupita asilimia 70 kwa urahisi na ina chumvi. Lenga asilimia 45 hadi 55 ndani ya kabati. Ukienda chini sana laka ya ala hupasuka na mti husinyaa, kwa hiyo usidhani ukavu wote ni mwema. Nunua kipima unyevu cha kidijitali, kiweke ndani, na uweke pakiti za silika zilizotengenezwa kushikilia kiwango fulani. Hatari isiyosemwa sana ni kiyoyozi: kinawashwa mchana, kinazimwa jioni, madirisha yanafunguliwa, na hewa yenye maji inagusa chuma baridi. Bora chumba kisicho na kiyoyozi kabisa, lakini chenye kabati lililofungwa vizuri. Nairobi au Arusha mtu hupumua zaidi.

Kabati lenyewe liwe na kioo, mpira wa kuziba na kufuli. Liwekwe kwenye ukuta wa ndani, mbali na jiko na bafu. Usitumie mbao za mwaloni wala mbao bandia zilizoungwa kwa gundi mbichi. Hutoa mvuke wa tindikali unaoshambulia chuma. Chuma kilichopakwa rangi ya unga, kioo na akriliki ni salama. Kitambaa cha chini kiwe pamba isiyotiwa rangi. Sufu hapana, ina salfa inayochafua fedha na shaba za tsuba.

Kinachoonyeshwa kila siku ni koshirae, ikiwa imejazwa tsunagi, upanga wa mti uliochongwa kushika mpini na ala pamoja. Wageni wanaona hariri, ngozi ya samaki taa chini yake, menuki, yaani vipambo vidogo vya chuma vya mpini, na hakuna chuma kinachoteseka. Mpangilio wa stendi una adabu yake: makali juu, mpini ukiwa kushoto kwa mtazamaji. Hivyo mkono wa kulia hauwezi kuuchomoa kwa wepesi, na mwenyeji anaonyesha kwamba hana nia mbaya. Kama unayo jozi, mrefu hukaa juu, mfupi chini. Tanto iliyo peke yake inapendeza kwenye stendi ndogo ya kusimama, mpini juu, lakini hakikisha imebana vizuri.

Upanga mtupu uonyeshe siku maalumu tu, wageni wakija au mwezi mmoja kwa mwaka. Ulale mlalo, makali juu, umeegemea vitako viwili vilivyofunikwa kitambaa cheupe, mkia ukiwa wazi kusomeka. Futa mafuta siku hiyo, yarudishe ukimaliza. Hapa taa ndiyo kazi yote. Chumba chenye mwanga uliotawanyika huua hamon. Chuma kinakuwa kijivu tu. Weka taa moja ndogo ya LED ya rangi ya joto, yenye mwali mwembamba, juu na mbele kidogo, na uisogeze hadi mtu aliyesimama mbele akiinama kidogo aone ukungu ukiwaka. Jaribu kwa macho ya mtu mrefu na mfupi. Kwa hariri na laka, mwanga uwe mdogo, karibu lux 50, na jua lisifike kamwe.

Andika kibao kifupi: aina, mhunzi au shule, mahali, kipindi, urefu, daraja la karatasi. Usiandike bei, na usiandike hadithi ya vita usiyoweza kuithibitisha.

Hatua ya 9: Weka kumbukumbu

Piga picha upanga wote, mkia pande zote, na kila kasoro, siku unayoupokea. Hifadhi nakala za karatasi mbali na upanga, risiti pamoja nazo, na umweleze mwenye bima thamani kwa ushahidi. Kila unapopaka mafuta, andika tarehe.

Na mwandikie mtu wa nyumbani ukurasa mmoja. Umwambie panga hizi ni zipi, zinauzwa wapi, nani apigiwe simu, na kwa herufi kubwa kwamba mkia hausuguliwi. Wakizashi nyingi zilizovumilia karne tatu zimeharibiwa na mrithi mwenye nia njema, aliyeishika kwa mara ya kwanza wiki ya mazishi akiwa na brashi ya waya mkononi.